Vigingi vya Hema la Shemeji

Baba alikuwa mtunza stoo bandarini Kemondo mpaka alipostaafu na kurudi Ijumbi kwenye migomba na kahawa yake. Mtumbwi wake hakuuuza. Aliuacha Kemondo kwa rafiki yake, na kila mwaka, kahawa ikishavunwa, mimi na yeye tulikwenda kuuchukua tukapiga makafi asubuhi nzima hadi kisiwa kidogo kisicho na watu. Tulilala huko siku mbili. Hatukwenda kuvua wala kutafuta chochote. Mama alikuwa akituuliza kama migomba yote ile haitoshi kukaa chini yake.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu cha kushonea Miembeni, mjini Bukoba. Vifaa vya safari zile nilivitengeneza kwa mikono yangu. Turubai letu la kulalia lilikuwa vipande viwili vya turubai la lori, nikaviunganisha kwa uzi wa nailoni, mshono mara mbili, kisha nikaupaka nta ya nyuki ili maji yasipenye kwenye matundu ya sindano. Mfuko wa nguo niliushona kwa kitambaa cha miavuli. Baba akikutana na wavuvi alikuwa akilishika lile turubai na kuwaambia, "Hili kashona binti yangu." Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, lakini maneno hayo nilikuwa nayasubiri mwaka mzima.

Kisha mdogo wangu akaolewa na mpima ardhi wa Muleba, kijana mpole, mrefu, ambaye kazi yake ilimlaza porini mara kwa mara. Mwaka wa pili wa ndoa yao baba aliniambia kwa simu, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba safari hii mkwe wake naye atakuja.

"Mtumbwi utatutosha?" nikauliza.

"Utatosha, mwanangu. Tutachagua vizuri vya kubeba."

Nilipofika Ijumbi niliwakuta uani. Shemeji alikuwa ametandaza vitu vyake kwenye nyasi: hema la kijani linalokunjwa likawa dogo kama mto wa kulalia, mifuko ya mpira ambayo ukiikunja mdomo mara tatu maji hayaingii, tochi za kuvaa kichwani, jiko la gesi linaloingia ndani ya sufuria yake. Baba alikuwa anazunguka vitu hivyo, mikono nyuma, kama zamani alivyokuwa akikagua mzigo ulioshuka melini. Niliweka turubai langu kando ya hema. Pale kwenye jua, nta yake ilionekana kama uchafu.

"Vyote haviwezi kwenda," baba alisema. "Hema hili linalaza watatu. Turubai lako litapumzika safari hii."

"Tata," nikamwita baba kwa Kihaya, "miaka yote hii halijawahi kutuangusha."

"Halijawahi. Lakini ni zito, na chini halina sakafu. Unyevu unapanda."

Unyevu ulikuwa unapanda tangu nilipolishona, na hakuwahi kuutaja.

"Dada, tunaweza kubeba yote mawili," shemeji alisema. "Mimi nitaacha kitu kingine."

"Hapana, mwanangu," baba akamjibu. "Uamuzi umekwisha."

Mwanangu. Nilidhani mkwe huitwa mkwe. Wazee wetu waliwekeana heshima na wakwe zao, walikaa mbalimbali na kuongea kwa kipimo. Hawa wawili walikuwa wamechuchumaa kwenye nyasi, magoti yakigusana, wakifungua na kufunga vali ya kigodoro cha kujaza upepo na kucheka kila kilipopumua.

Nilipewa kazi ya kupeleka mizigo kwenye gari la shemeji. Vigingi vya hema, vya chuma, vilikuwa kwenye kifuko chekundu kisichozidi urefu wa kiganja. Nilikichukua, nikapita nacho stoo kana kwamba nafuata dumu la maji, nikakisukuma nyuma ya gunia la kahawa. Nilijiambia ni mzaha. Nilijiambia pia kwamba huko kisiwani baba atasema, "Laiti tungekuja na turubai la binti yangu." Sikuwaza zaidi ya hapo.

Kemondo nilizidi kuumia. Mbele ya mtumbwi palikuwa mahali pangu tangu nikiwa mwanafunzi, baba akiwa bado kazini bandarini. Baba akamwambia shemeji apande mbele kwa sababu ana mabega. Mimi nikakaa katikati na mizigo, bila kafi, kama mkungu wa ndizi unaopelekwa sokoni. Nilikuwa natazama mgongo wa mtu akipiga maji kwa mpigo ambao baba alinifundisha mimi, na nyuma yangu nasikia baba akisema, "Vizuri. Ndiyo hivyo. Vizuri sana."

Alasiri, kisiwani, shemeji alimwaga kila mfuko, akamwaga tena.

"Nimesahau vigingi, baba. Ni kosa langu."

"Kila mtu husahau," baba akasema kwa upole.

Shemeji akachonga vijiti, lakini pale udongo ni mwembamba juu ya mwamba, vijiti vikagoma kuingia. Mwishowe alifunga kamba za hema kwenye mawe. Niliyabeba mawe pamoja naye. Baba hakulitaja turubai hata mara moja. Alikaa kwenye kigodoro cha shemeji, akanyoosha miguu, akasema hajawahi kukaa vizuri hivyo kwenye kisiwa kile.

Alfajiri, mimi na shemeji tulikuwa tayari nje tunawasha moto, mvua ikaja kutoka ziwani na upepo wake. Mawe hayakushika hata kidogo. Upande mmoja wa hema uliinuka, ukapinduka, fito zikavunjika, na hema zima likamfunika baba na kumburuta hatua kadhaa kuelekea kwenye miamba. Tulikimbia. Nilikamata kitambaa kikachanika mikononi mwangu. Tulipomtoa alikuwa amepiga magoti kwenye tope, ameloa, anatetemeka, na hakuweza kusimama. Nilimvuta mkono akapiga kelele.

"Usimvute!" shemeji alinikaripia. Akapita nyuma yake, akapitisha mikono chini ya makwapa, akasubiri baba avute pumzi, ndipo akamnyanyua polepole. Baba alijiegemeza kwake bila kuambiwa. Ilikuwa wazi kwamba hawakuwa wakifanya hivyo kwa mara ya kwanza.

Mvua ilipokatika tulimvika nguo kavu kutoka mifuko ile ya mpira na kumpa chai ya tangawizi. Kikombe kilikuwa kinagonga meno yake. Nikashindwa kunyamaza.

"Vigingi havikusahauliwa," nikasema. "Nilivificha mimi. Viko stoo, nyuma ya kahawa."

Shemeji alinigeukia. "Angevunjika nyonga, dada, tungemfikishaje hospitali?" Akaondoka kwenda kuangalia mtumbwi. Hakunisemesha tena mpaka tulipofika Kemondo, na sikumlaumu.

Baba alizungusha kikombe. "Kwa nini?"

"Turubai ni langu. Mahali pa mbele ni pangu. Umempa yeye."

Nilidhani atanigombeza, lakini alijishika kiuno. "Mgongo huu ulianza kuuma mwaka jana. Nikilala chini, asubuhi siamki mpaka mama yako anisukume. Hema na kigodoro nilimwomba mimi. Yeye ndiye anayenipeleka hospitali Bukoba kila mwezi."

"Bukoba? Kila mwezi?"

"Tunapita mpaka Miembeni."

"Na hamkuingia hata kunisalimia!"

"Ungeniona ninavyoshuka garini," alisema. "Ungemwambia mama yako, na wote mngenizuia kuja huku. Yeye hakunizuia. Aliniuliza tu nahitaji nini."

Nilianza kulia. Baba alidhani nalia kwa kujuta, na kweli nilijuta. Lakini nataka kusema ukweli wote. Nililia pia kwa wivu. Hema ningeweza kulisamehe. Kilichoniuma ni kwamba baba alikuwa na maumivu na akachagua mtu wa kumwonyesha, na mtu huyo hakuwa mimi.

Hema nililishona upya kwenye cherehani yangu, nikanunua fito nyingine. Nilimwomba shemeji msamaha mbele ya mdogo wangu. Alikubali, ila ilichukua miezi kabla hajanitania tena. Siku za hospitali tukagawana: mwezi huu yeye, mwezi ujao mimi. Mwezi wa kwanza nilijifunza kusimama nyuma ya baba na kumsubiri avute pumzi.

Mwaka huu daktari amemruhusu kwenda kisiwani kwa sharti alale juu ya kitu kinene. Shemeji alikwenda Mwanza kikazi akarudi na kigodoro kipya, akakipitisha Miembeni ili nikishonee foronya. Alipoondoka nilifunga mlango, nikakitandaza katikati ya vitambaa vya wateja, nikalala juu yake nikitafuta kasoro. Niligeuka kushoto, nikageuka kulia, nikabonyeza pembe zote nne. Sikuiona.

Nikampigia baba. "Kigodoro ni kizuri, tata. Mgongo wako utapona."

"Nani kakichagua?"

Alijua. Alitaka nitamke mwenyewe.

"Mwanao," nikasema, kisha nikaongeza, "yule wa Muleba."