Mlango Uliovimba Oktoba

Saa mbili asubuhi, mvua inapiga paa za mtaa wa Getsemaní, jijini Cartagena, na Nohemí Pájaro yuko mbele ya mlango wa bafu la hoteli, futikamba ameing'ata kwa meno. Mikono yote miwili anaihitaji kukivusha kiti chake cha magurudumu kwenye kizingiti. Ndani ya bafu shangazi yake, Eneida, anasubiri kupokea ncha ya pili.

"Vuta, shangazi. Usibembeleze."

"Navuta, we! Hii futikamba ina ukaidi kama marehemu mume wangu."

"Inasemaje?"

"Sitini na tisa."

"Rudia."

"Sitini na tisa, Nohemí. Hata nikirudia mpaka Krismasi."

"Rudia."

Shangazi anarudia. Mwenye hoteli amesimama kando na kikombe chake cha kahawa, uso umemkunjamana. Amekwishasema mara mbili kwamba mlango huu ulipimwa Januari, na kwamba tangu hapo hakuna aliyeuhamisha.

"Januari ilikuwa Januari," Nohemí anamjibu, bila kumtazama.

Nohemí, mwenye umri wa miaka thelathini na tisa, ni mtengenezaji wa tovuti. Yake ni moja tu: watu wasioweza kutembea huitumia kuagiza vyumba vya hoteli na magari ya safari. Yeye mwenyewe hajatembea tangu akiwa na miaka ishirini, pikipiki ya abiria aliyopanda ilipojibamiza ukutani. Kazi ya kompyuta aliisomea kitandani, amelala ubavu.

Tovuti aliianzisha miaka minane iliyopita, na aliianzisha kwa hasira. Alikuwa ameagiza chumba katika hoteli iliyojitangaza kwa picha ya kiti cha magurudumu. Alipofika akakuta ngazi tisa.

"Kiti wamekichora vizuri," anasema. "Ngazi ndizo walizosahau kuzichora."

Ukiifungua tovuti yake, usitafute nyota wala picha za machweo. Kitu cha kwanza kwenye ukurasa wa kila hoteli ni upana wa mlango mwembamba kuliko yote. Vitufe ni vikubwa, kwa ajili ya vidole vinavyotetemeka. Hakuna maandishi ya kukutisha kwamba kimebaki chumba kimoja, harakisha, maana wapo wateja wanaochapa kwa kijiti walichokishika mdomoni, na hao huwaharakishi.

Kisha kuna sharti moja. Hoteli ikisema, "Asiwe na wasiwasi, vijana wetu watambeba," haiingii.

Wenye hoteli hawalielewi sharti hilo, na kwa kweli hata mimi ninayeandika habari hii lilinichukua muda. Sisi watu wa pwani hii tunajivunia kubeba watu. Bibi tunambeba hadi kanisani, mgonjwa hadi kwenye gari, na tunacheka naye njia nzima. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayebebwa ndiye anayejua uzito wake, na ndiye anayejua ataangukia wapi.

Oktoba ya mwaka jana, Argemiro Chaparro alishuka kutoka Bogotá, mji mkuu ulio milimani, na mkewe, Blanca Inés. Alikuwa mpiga chapa mstaafu, na kwa miaka kumi na tisa, tangu uti wa mgongo umsaliti, hakuwa ameiona bahari. Mkewe alichagua hoteli kwenye tovuti ya Nohemí baada ya kupima kiti cha mumewe kwa rula ya kushonea. Kiti kilikuwa sentimita sitini na sita. Mlango wa bafu, ukurasa ulisema, ulikuwa sabini na nane.

Walifika alasiri, mvua inanyesha. Kutoka hotelini hadi ufukweni ni mwendo wa robo saa.

"Nilimwambia twende tu," Bi Blanca Inés aliniambia kwa simu. "Akasema, 'Mama we, mtu haendi kuiona bahari akinuka jasho la basi. Nioge kwanza.'"

Mlango wa bafu ulifunguka nusu, ukakwama kwenye vigae. Nafasi iliyobaki ilikuwa sitini na moja.

Kila aliyezaliwa hapa anajua kwamba mbao za nyumba zetu kuukuu hunywa maji mwezi wa kumi. Tunapaka sabuni ukingoni mwa mlango, tunausukuma kwa bega, tunapita, na hatulizungumzii. Nohemí alikuwa ameupima mlango ule Januari, pepo kavu zinavuma na mbao zimesinyaa. Bega halimsaidii mtu aliyekaa, na katika watu wote wa mji huu yeye ndiye aliyepaswa kulikumbuka hilo.

Mhudumu alikuja mbio, kijana wa watu, mpole. "Asiwe na wasiwasi, bibi," akamwambia mke. "Namchukua mimi." Akambeba mzee mikononi, akapita ubavu, na mguu wake ukateleza kwenye vigae vyenye maji.

Nyonga ilivunjika. Kidonda cha upasuaji kikaingia usaha. Siku ya ishirini na tatu Argemiro alifariki, katika wodi ambayo dirisha lake linatazama maegesho ya magari. Bahari hakuiona.

"Nilitaka kuifunga tovuti," Nohemí anasema. Anazungusha gurudumu la kushoto mbele na nyuma, mbele na nyuma. "Nikampigia mjane. Nikamwambia, mama, nimekuulia mumeo. Akaniuliza, 'Ukifunga, mlango utapanuka?'"

Bi Blanca Inés hakutaka fidia wala maua. Alitaka yaliyotokea yaandikwe pale pale, kwenye ukurasa wa hoteli ile, ili mwingine asome kabla ya kufunga safari.

Wenye hoteli waliposikia, walikuja juu. Habari ya kifo kwenye tovuti ya mapumziko! Hata Eneida alimsihi mpwa wake atulie.

"Nilimwambia, mwanangu, watakukimbia wote tubaki tunatazamana," Eneida anasema. "Akaniambia, basi tutazamane."

Nohemí aliandika. Hoteli arobaini na tatu zilikuwa kwenye tovuti; zimebaki kumi na mbili. Wateja nao wamepungua, na mchana sasa anawatengenezea wenye maduka ya viatu kurasa ambazo hazimhusu. Kuna wiki hakuna hata mtu mmoja anayeagiza chumba.

Ukurasa wa hoteli ile bado upo, lakini kitufe cha kuagiza ameking'oa. Yamebaki maneno machache: "Kiti cha Argemiro Chaparro, 66. Mlango Januari, 78. Mlango Oktoba, 61. Aliyekosea kupima ni mimi." Chini yake kuna jina lake kamili.

Leo mwenye hoteli ya Getsemaní anamaliza kahawa yake na kuuliza kama ni lazima waandike sitini na tisa. Nohemí anamwambia wataandika namba zote mbili, ya kiangazi na ya mvua. Ndio mpango wake: hoteli zote kumi na mbili zipimwe upya kabla mvua haijakatika, na kila mwaka vivyo hivyo. Mwenye hoteli anashusha pumzi, anakubali. Labda wa kesho atakataa.

Ninamuuliza Nohemí anatumaini nini. Anaikunja futikamba polepole, anaifuta kwa sketi yake.

"Zamani wateja walikuwa wakinipigia kulalamika," anasema. "Jogoo wa jirani kawika, kahawa imekuja baridi. Nilikuwa nikikasirika. Nawapa bahari, wao wananisimulia kahawa!"

Ndani ya bafu, shangazi anauliza kama wamemaliza.

"Sasa nasubiri mtu kama huyo," Nohemí anasema. "Aje, aoge, alale, aende baharini, kisha anipigie aniambie kahawa ilikuwa baridi. Hiyo tu." Anaingiza futikamba mdomoni, halafu anaitoa tena. "Shangazi, bado. Rudia."