Wivu wa Kilindo

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo hata leo nikiikumbuka roho inaniuma. Wageni kutoka wilayani walifika kijijini kwetu, huku Chamwino, wakitaka kujua kama tutaweza kujitegemea mvua ikigoma na msaada ukachelewa. Wakatuuliza mkutanoni tutakula nini. Mimi nilitegemea mahindi, na ardhi hii huyakubali mahindi pale inapotaka yenyewe.

Akasimama jirani yangu, Mama Sechelela, ambaye tuliolewa naye mwaka mmoja. "Kwangu tutakula uwele, na mlenda mkavu wa mwaka jana," akasema, kisha akaketi kama aliyetaja jambo dogo. Wageni wakaomba wakavione. Mume wangu naye akafuatana nao, akarudi akivisifia vilindo vya jirani, yale mapipa ya magome tunayowekea nafaka, hadi ugali ukapoa.

Nilimwonea wivu, sikufichi. Nikaanza kusema pale nyumbani kwamba anaringa. Mama mkwe alikuwa akichambua mboga, hata usoni hakunitazama.

"Wivu huo usiumalizie mdomoni, mkwe wangu. Nenda nao porini ukachume mlenda."

Nikaenda, tena kwa hasira. Nilichuma, nikaanika, nikapanda uwele niliokuwa nikiudharau tangu usichana, na mbegu nikazihifadhi kwenye majivu. Nikisikia Mama Sechelela ana kilindo kipya, silali vizuri mpaka nami nipate changu. Tukaenda hivyo miaka kadhaa.

Kisha mvua ikagoma kweli, na msaada ukachelewa. Nyumba zetu mbili zilikula, na majirani wakala kwetu. Mvua iliporudi, Mama Sechelela alikuja na kibuyu kitupu. Wanawe na ndugu zake walikuwa wamekula hadi mbegu, na asipopanda upesi, njaa ingemkuta tena mwaka unaofuata. Nikasimama mlangoni na neno baya mdomoni, nililolitunza muda mrefu kwa ajili yake.

"Mama Daudi," akaniwahi, "miaka yote hii nimekuonea wivu. Ukienda porini, nami natoka. Leo umenishinda. Nipe mbegu."

Neno lile nikalimeza. Nikamjazia kibuyu, kisha tukacheka mpaka watoto wakaja kuchungulia.

Basi, mwanangu, ukisikia kijiji cha pili wamechimba lambo la maji, waonee wivu, ruhusa. Ila usiwaseme vibaya, chimbeni la kwenu. Na siku watakapokuja kuomba, wapeni, maana ukame ukiwa mrefu hakuna nyumba inayouvuka peke yake. Mungu akujalie mvua. Ikichelewa, ikukute una cha kula, na jirani wa kukutia wivu.