Mtu wa Lifti kwenye Foleni ya Kimbunga

Mjomba wangu anashikilia kwamba bustani ya michezo huijui kwa bembea zake, unaijua kwa mlango wake. Ukifika getini na mkata tiketi akautazama mkono wako badala ya uso wako, anasema, geuza urudi nyumbani ukalale, kwa sababu huko ndani nako utarushwa juu na kuangushwa kama gunia la mkaa.

Maoni ya namna hiyo anayo mengi. Muziki wa farasi wa kuzunguka upunguzwe, mtoto akilia mama yake amsikie. Vigari vya kugongana viongezwe, maana mtu akimgonga bosi wake pale Jumamosi, Jumatatu wanaheshimiana. Kwenye nyumba ya mizimu aliwahi kumkuta mzimu mmoja amevua kichwa, anakunywa soda mlangoni, akaenda kulalamika ofisini kwa uchungu wa kweli: kama mnataka watu waogope, wapeni mizimu chumba cha kupumzikia. Na siku bustani ilipotimiza miaka kumi, mgeni rasmi akahutubia dakika arobaini kabla ya fataki, mjomba aliandika ukurasa mzima kwenye daftari la maoni. Mtu amelipa kiingilio aje apige kelele, aliandika, halafu mnamlazimisha asikilize za mwenzake.

Kuhusu ule mlango wa pembeni, ambapo mwenye tiketi ya bei ya juu huipita foleni yote akipunga mkono, mimi na yeye tulikuwa upande mmoja. Mimi niliuita wizi. Yeye aliuita utovu wa adabu, na kwake hilo ndilo kosa kubwa zaidi.

Ni mdogo wake mama, ana miaka hamsini na minne. Kabla ya haya ninayosimulia, kila Jumamosi ya pili alikuwa akivaa shati jeupe la kazini, anapanda Kimbunga mara moja tu, kisha anakaa kwenye benchi la mkabala akitazama wengine wakipanda mpaka bustani ifungwe. Kimbunga ni ile treni ndogo isiyo na paa: inakwea reli taratibu hadi juu kabisa, inatulia kidogo kama inayofikiri, kisha inaporomoka. Mkewe huwaambia majirani kwamba waume za wenzake wana nyumba ndogo, wa kwake ana treni, na afadhali treni, haizai.

Kazi yake ilikuwa kuendesha lifti kwenye jengo la ofisi la ghorofa tisa. Miaka ishirini na sita juu ya kigoda, mbele ya safu mbili za vitufe. Lifti ile ilikuwa na tabia ya kusimama nusu kiganja chini ya sakafu, kwa hiyo alimwambia kila mtu, tangu mkurugenzi hadi mfagiaji, "Angalia hatua, karibu." Alijua nani anakwenda kwenye usaili na nani anatoka. Kanuni yake ilikuwa moja: anayepanda namzungumzisha, anayeshuka namwacha anyamaze.

Mwaka jana ikaletwa lifti mpya inayojisemea yenyewe kwa sauti ya mwanamke. Mjomba akapewa barua, keki na makofi. Mimi nilitaka tufanye jambo. Nilitaka tukusanye saini ghorofa kwa ghorofa, tuandike gazetini, tuulize ni maendeleo gani haya yanayomtoa mtu na kuweka kaseti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Mjomba, hasira zako nazipenda," akaniambia. "Lakini Jumatatu asubuhi zitanipeleka wapi?"

Alikuwa ameshaandika barua nyingine, kwa bustani. Wakamjibu aje siku moja ya majaribio, Jumamosi, kwenye jukwaa la Kimbunga, pale abiria wanapopandia. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilipiga shati pasi mara mbili. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa namna ile. Alisema akiikosa hii, basi. Nani atamchukua mzee ambaye kazi pekee anayoijua ni kusalimia watu?

Nikaenda naye, nikasimama kwenye ukingo wa jukwaa. Msimamizi alikuwa dada wa umri wangu, redio kiunoni, wote wanamwita Kamanda. Alimweleza kazi kwa sentensi nne. Viti ishirini na vinne. Waketishe, wateremshie vyuma vya kifuani, vikague kimoja kimoja, bonyeza kitufe cha kijani. Treni iondoke kila baada ya dakika mbili.

Treni ya kwanza iliondoka baada ya dakika sita.

Mjomba alimkaribisha kila mtu. Alimuuliza bibi mmoja kama ni mara yake ya kwanza, na bibi akamsimulia. Mke na mume waliokuwa wamegawanywa viti aliwarudisha pamoja, na ili kuwarudisha ikabidi awahamishe watu wengine saba. Kwenye vyuma hakuharakisha hata kidogo. Alivuta, akatikisa, akamtazama mtu machoni, akavuta tena. Waliokuwa kwenye viti walikuwa wanatabasamu hata kabla treni haijaanza. Nikajisemea, hivi ndivyo dunia ingetakiwa kuwa. Redio ya Kamanda ikaanza kukoroma: Kimbunga mna nini huko?

Kamanda alimwendea kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili mjomba akamkumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Kamanda akamjibu kwamba ni kweli, lakini foleni nayo haina.

Hapo mimi nikashindwa kujizuia. Nikamwambia yule dada kwamba kasi ndiyo ugonjwa wa zama zetu, kwamba binadamu si mzigo wa kupakiwa, na nilikuwa ndiyo kwanza napata moto aliponikatiza.

"Kaka, umekuja kupanda au kuhutubia?"

Saa sita na nusu alifika mama mmoja mwenye sare ya uuguzi, ametoka zamu, amemshika mkono binti yake mdogo. Mjomba akainama kidogo kama afanyavyo siku zote. Karibu dada, habari za mchana. Halafu akamsimamisha mtoto kwenye alama ya kipimo ukutani. Alipungua vidole vitatu. Mjomba akaomba radhi kwa maneno mazuri sana, kwamba ni kwa usalama wake, mwakani atakuwa amefika.

Yule mama hakupandisha sauti.

"Habari unaniuliza sasa?" alisema. "Kule nyuma nimesimama saa nzima juani, hakuna aliyeniuliza lolote. Ningeambiwa kule kwamba mtoto hafiki, si ningekwenda zangu? Wewe baba unawapakulia wa mbele adabu yote, sisi wa nyuma unatubakizia jua."

Binti alianza kulia. Wakashuka kwa ngazi za kutokea.

Mjomba alibaki amesimama, mkono juu ya chuma cha kiti kitupu. Akatazama foleni. Nadhani ndiyo kwanza aliiona. Kwenye lifti watu wakijaa mlango hufungwa, na wanaobaki nje huwaoni. Miaka ishirini na sita alikuwa mkarimu kwa wale kumi waliomo ndani. Hapa foleni ilishuka ngazi, ikaizunguka nguzo, ikapita kibanda cha ice cream, ikaishia mahali pasipo na hata mti. Na mimi, niliyekuwa nimetoa hotuba nzima juu ya ubinadamu, nilikuwa sijageuza shingo kuwatazama watu wale hata mara moja.

Akamwendea Kamanda, akamwomba amtoe jukwaani. Kamanda akaniangalia mimi, kisha yeye, akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee asijisikie vibaya, kazi hii si ya kila mtu. Alidhani anaaga. Mjomba akasema hapana, anaomba rula ndefu na ruhusa ya kukaa mwisho wa foleni mpaka jioni. Kamanda akafikiri kidogo, akaita kijana mwingine ashike kitufe.

Kule nyuma mjomba alikuwa na muda wote aliounyimwa mbele. Aliwapima watoto pale pale, na wasiofika aliwaelekeza kwenye farasi kabla hawajachomwa na jua. Mwenye moyo mbovu au ujauzito alimnong'oneza kwamba treni hii haimfai. Aliwaeleza watu kofia waiweke wapi, simu waiweke wapi, wakae vipi, kwa hiyo walipofika juu walikuwa wanajua. Kulikuwa na jamaa mmoja mwenye misuli, anawatania wenzake kwamba watalia, huku kijasho kinamtiririka na macho hayabanduki kwenye reli. Mjomba akamgusa bega: ndugu, una nguvu, nisaidie kuhamisha benchi hili. Benchi likahamishwa mbali sana. Jamaa hakurudi, na wenzake wakadhani bado anafanya kazi.

Kufikia saa kumi treni zilikuwa zinaondoka kila dakika mbili, nyingine chini ya hapo. Kijana wa kitufe alimwambia Kamanda kwamba leo watu wanafika wameiva kabisa.

Walipofunga, Kamanda alikuja na fulana ya kijani iliyokunjwa. Akasema kitufe hapana, mzee, zile dakika mbili huziwezi hata ukizaliwa upya. Lakini kule nyuma hatujawahi kuwa na mtu, na kuanzia leo tunaye, Jumamosi na Jumapili, tukiona inafaa tutaongeza siku. Mjomba aliishika ile fulana kwa mikono miwili. Nilitarajia atashukuru.

"Mwanangu, kule nyuma hakuna kivuli," akasema. "Mtaweka turubai lini?"

Kamanda akacheka, mara ya kwanza kutwa nzima, akasema hilo ni la mkutano wa mwezi ujao, na mkutano huo hauna haraka. Mjomba akasema sawa, atasubiri.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta mwisho wa foleni na fulana inayombana tumboni. Amefungua mwavuli wa maua wa mkewe, amemshikia mama mjamzito anayewasindikiza wanawe, kichwa chake mwenyewe kiko juani kinang'aa. Alikuwa anabishana na watu wanne kwa mpigo kwamba anayekaa kiti cha mbele anapata upepo tu. Mteremko wenyewe, ule wa kukuacha bila tumbo, uko kiti cha mwisho. Nilitaka kumsalimu. Akanionyesha kwa kidole nipange mstari.