Picha ya Msiba wa Mama

Kamera yangu niliipata mnadani Mbalizi, ndani ya rundo la pasi, redio na simu za mezani ambazo siku hizi hakuna anayezitaka. Muuzaji alidhani ni mbovu kwa sababu alitafuta kioo cha kuonyeshea picha nyuma yake, hakukiona. Mimi nilibonyeza kitufe, nikasikia kioo cha ndani kikiruka na kurudi mahali pake, nikajua ni nzima. Ilikuwa kamera ya mkanda, ya wapiga picha wa kazi, chuma kitupu, nzito kiasi kwamba shingo iliniuma wiki nzima. Niliilipia bila kubishana bei, na mimi si mtu wa kuacha kubishana.

Nauza pembejeo hapo hapo Mbalizi, mbegu na mbolea, kwa hiyo kamera ikawa inakaa chini ya kaunta. Wateja walinicheka. Simu yangu inapiga picha nzuri, najua, sihitaji kuambiwa. Lakini mkanda una picha thelathini na sita tu, na wenyewe mpaka uuagize Dar, huwezi kupiga ovyo. Unapima mwanga, unazungusha lenzi mpaka sura itulie, unashusha pumzi, ndipo unabonyeza. Nina haraka na nina mdomo, nakiri, na sijapata kitu kingine kinachoninyamazisha kama kile.

Mama anaishi Iringa, Kihesa. Aliposikia nina kamera hakuuliza bei wala aina.

"Basi utanipiga picha ya msiba wangu," alisema.

Sikushangaa sana. Baba alipofariki tulihaha kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, tukaambulia ile ya kadi ya kura. Ilikuzwa mpaka macho yakawa madoa, na kipande cha mhuri kikabaki begani. Mama alikaa mbele ya ile picha siku tatu. Tangu hapo alikuwa na hofu moja, na haikuwa hofu ya kufa. Aliogopa kuagwa akiwa na sura isiyo yake.

"Mimi msinifanyie vile," aliniambia. "Watu waje wamlilie mtu wanayemjua."

Alitaka tupigie Kalenga, alikozaliwa, pembeni ya shamba la mahindi la kwao. Alivaa kitenge kipya, akasimama wima, mikono imebana ubavuni, uso wa mtu anayesomewa mashtaka. Nilipiga picha thelathini na tano za uso ule. Nikimwambia alegee, anakaza zaidi. Mwishowe akaja akanyoosha mkono.

"Nionyeshe."

"Haionekani sasa hivi, Mama. Mpaka mkanda ukasafishwe."

"Yaani umenisimamisha juani asubuhi nzima, halafu picha hamna?"

"Zimo humu ndani. Lakini tukifungua, zinaungua zote."

Aliinama akatega sikio kwenye kamera ikiwa bado shingoni mwangu, akasikiliza kabisa. Kisha akaanza kucheka. Alirudi pale aliposimama huku anacheka, akageuka kunitazama, na mimi nikabonyeza. Ilikuwa picha ya mwisho.

Mkanda ulikwenda Dar kwa basi, na kila Jumapili Mama alinipigia simu kuuliza kama picha zimeiva. Zilipofika nilichagua ile ya kicheko, nikaikuza, nikaitia fremu nyeusi. Mkanda niliokuwa nimepata ulikuwa wa rangi nyeusi na nyeupe, na sikuona tatizo. Jumamosi moja nikapanda basi na fremu yangu magotini hadi Iringa.

Mama aliitazama muda mrefu, akagusa pale lilipo pengo lake.

"Ni mimi huyu," alisema. "Na pengo umelileta."

Alitaka itundikwe sebuleni, aizoee yeye kwanza kabla ya wengine. Sebule yenyewe ni ndogo, ukuta haufikiki, kwa hiyo nikatoa makochi yote nje, nikafagia, nikatandika mkeka ili nisichafue sakafu. Picha niliiegemeza mezani, juu ya kitambaa cheupe, jirani na mshumaa uliobaki siku umeme ulipokatika. Kisha nikazunguka nyuma kutafuta nyundo. Mama alikuwa huko jikoni anachambua majani ya maboga.

Kwetu makochi hayatolewi nje bure. Akina mama watatu wa jumuiya yake ya kanisani walikuwa wanapita, wakayaona mbele ya nyumba, wakaona mlango uko wazi, wakaingia. Tulisikia hodi moja ya sauti ndogo, halafu kimya, halafu mtu akasema, "Jamani, si juzi tu nimemwona sokoni." Kilio kikafuata.

Niliinuka kwenda kuwaeleza. Mama akanikamata mkono.

"Tulia," alinong'ona. "Acha nisikie."

Mmoja alisema kwamba yeye alipougua, Mama alimpelekea uji kila asubuhi mpaka akasimama. Wa pili aliuliza nani sasa ataanzisha nyimbo, maana wengine wote wanaanzia juu mno. Wa tatu alilia kuliko wote. Huyo ndiye ambaye Mama alikuwa hamsalimii vizuri, kwa sababu aliazima sufuria kubwa la Mama, likarudi limetoboka.

"Nililitoboa mimi," alisema, "nikamkatalia kwamba si mimi. Nilikuwa najipanga nimwombe msamaha."

Mabega ya Mama yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia, na ni kweli alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaingia sebuleni kwa mlango wa nyuma.

"Kamwene," aliwasalimia kwa Kihehe. "Habari ya sufuria nilikuwa naijua."

Mmoja alikaa chini palepale kwenye mkeka. Wa pili alikimbilia nje, akarudi. Yule wa tatu alimkumbatia Mama miguu, akakataa kuachia hadi Mama alipomwambia kwamba hivi sasa ndiyo anamwua kweli. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Nina furaha nyingi maishani, lakini ile sijaipata tena.

Chai ilipikwa. Kila aliyepita akaona makochi alikuja na uso wa huzuni, akaelezwa, akacheka, akaketi. Wengine walikuwa tayari wameshabeba unga na kuni, na Mama hakumruhusu yeyote arudi navyo. Tulikula ugali na majani ya maboga pale uani, watu zaidi ya ishirini.

Jioni walipoondoka nilipigilia msumari, nikatundika picha. Mama alisimama mbele yake, mikono imelegea.

"Wamemlilia mtu wanayemjua," alisema.

Kisha akanigeukia.

"Rudisha makochi ndani, mwanangu, kabla sijaanza kuzoea."