Pamba Puani

Hakuna aliyekubali kulala ndani ya jeneza. Niliwaomba waigizaji wangu wote, ambao walikuwa majirani tu pamoja na fundi cherehani mmoja mwenye sauti nzuri, na kila mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali. Kwetu mtu mzima mwenye afya zake haingii sandukuni kwa mzaha. Ni kujiitia kifo. Seremala mmoja wa mtaa wa Mamboleo alikuwa ametuazima jeneza hadi saa kumi tu, kamera ilikuwa ya kukodi, nami nilikuwa nimechoka kubembeleza watu. Basi nikavaa suti, nikatia pamba puani, nikalala mwenyewe. Maagizo ya tukio zima niliyatoa nikiwa nimefumba macho.

Ilikuwa miaka ya tisini, na filamu ile ilikuwa imenila miaka miwili. Ilihusu ndugu wanaogombania shamba la marehemu hata kabla hajazikwa. Nilinakili kanda moja moja kwa deki mbili za kuazima, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni, nikazunguka nazo kwenye kumbi za video, kutoka Kondele hadi Katito. Wenye kumbi walitaka karate. "Hii ya watu wetu nani atalipa aone? Si wako hapa nje bure," mmoja aliniambia. Nilijifunza kucheka hata pale nilipotamani kumzaba mtu kofi.

Katito waliionyesha siku ya soko. Mama yangu aliuza dagaa wa omena soko hilo hilo, na mimi, kwa ujinga wangu, sikuwa nimemwambia lolote. Wanawake wenzake walimjia mezani wameshika vichwa. Aliingia ukumbini akanikuta kwenye televisheni nimelala chali, pamba puani, watu wakiniombolezea.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwangu Kisumu. Hakunisalimia. Alinishika mabega, akanishika masikio, akanigeuza kama anayekagua kuku wa kununua. Kisha akaketi kitandani, akalia.

"Mama, ni mchezo tu," nikasema.

"Mimi nimezika watoto wawili. Mazishi yako sitaki kuona, hata ya mchezo. Toa hiyo kitu."

Nilikataa. Mazishi yale ndiyo sehemu pekee iliyosifiwa, na wenye kumbi walikuwa wameanza kuniulizia kwa sababu yake. Nilimwambia haelewi kazi yangu. Alijifunga leso vizuri, akarudi nyumbani. Niliona aibu kabla hajafika barabarani, lakini sikumfuata.

Ilinichukua wiki mbili kukubali. Nikazunguka tena kote nikikusanya kanda zangu, nikayafuta mazishi kwa kurekodi juu yake, kanda moja baada ya nyingine, mpaka ile ya asili. Sikuwa na picha nyingine ya kujaza pengo ila magugu maji niliyoyapiga picha gatini siku nilipoijaribu kamera. Kwa hiyo marehemu alikunywa chai, yakafuata magugu maji kwa dakika nane, kisha ndugu wakaanza kupigana.

Niliipeleka Katito siku ya soko, nikamwomba mama aje. Alikuja, akaketi benchi la mbele, mikono ikinuka omena. Wengi walikuwa wamerudi kwa ajili ya mazishi tu. Magugu yalipotokea wakapiga miluzi.

"Wapi maiti, bwana?"

"Rudisha jeneza!"

Mwenye ukumbi alinitazama, nikajua hataichukua tena, na kwamba hakuna mwingine atakayeichukua. Miaka miwili yangu iliishia pale mlangoni nilipokuwa nimesimama na mfuko wangu. Sikuwa na nguvu hata ya kukasirika.

Mama alisimama, akaipa televisheni mgongo, akawauliza kwa Kijaluo: "Mnataka mtoto wa mtu afe ndiyo mfurahi?"

Aliketi tena, akayatazama magugu maji mpaka yakaisha.