Ndiyo ya Mwenye Sauti

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Siku tano za wiki anashona sare za shule, na Jumamosi saa nne asubuhi anaendesha Saa ya Vijana kwenye redio yetu ya jamii, yaani vyumba viwili juu ya duka la mbao na misumari. Kuta za studio zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirukeruke. Mara ya kwanza kuingia niliuliza mayai yenyewe yako wapi, na mpaka leo ananicheka.

Ana sheria mbili. Ya kwanza, ndani ya saa ile mtu mzima hafungui mdomo hewani. Ya pili, sauti ya mtu haitangazwi mpaka mwenyewe ajisikilize, kisha aseme mwishoni mwa rekodi: ndiyo, iende. Ndiyo hiyo haisikiki redioni, lakini lazima iwepo kwenye mkia wa rekodi. "Ni kama pindo," husema. "Nguo isiyo na pindo inafumuka, na anayebaki uchi si fundi."

Sheria hiyo ina chanzo. Alipokuwa na miaka kumi na minne, mtangazaji mmoja alimhoji kuhusu wasichana wanaoachishwa shule. Shangazi alisema mambo kumi ya kumsifu baba yake na moja la kumlaumu. Hewani likatoka lile moja. Babu alikaa mwaka mzima bila kumsemesha. Wakiwa meza moja, anamgeukia bibi: "Mwambie binti yako asogeze chumvi."

Sasa nieleze nilivyoharibu.

Shuleni kwetu kuna vyoo vipya vya wasichana, vyenye vigae na sinki, na vimefungwa tangu vilipokamilika. Vinasubiri wageni wa kuja kuvizindua. Ufunguo uko kwenye droo ya mwalimu mkuu. Sisi tunavuka uwanja mzima kwenda vile vya zamani, na ukirudi umechelewa kipindi unasimama nje. Redio ilipoanza kugusia jambo hilo, mwalimu mkuu alitangaza mstarini kwamba atakayebainika kupeleka maneno ya shule redioni, yeye na mzazi wake watafuata barua ya kuhama.

Wakili, msichana wa darasa letu, akakubali kurekodiwa. Tunamwita hivyo kwa sababu anabishana hata na kengele. Tulijificha chumba cha vitabu, nikamwachia rekoda, mimi nikasimama mlangoni kuchungulia mwalimu wa zamu. Alipomaliza alijisikiliza, akaiinamia tena rekoda, kisha akanirudishia akiitikia kwa kichwa. Mimi nikaelewa: ndiyo.

Kwenye kompyuta niliikoroga sauti yake mpaka ikawa kama ya mtu mwingine kabisa. Mwishoni niliona mstari mnyoofu wa ukimya, mrefu. Nikasema hapa hakuna kitu, nikakata kuanzia hapo, ili itoshe dakika nne. Kwa kawaida Shangazi husikiliza kila kitu Ijumaa, lakini wiki ile alikuwa na sare arobaini za kumalizia. Aliniuliza tu, "Ndiyo ipo?" Nikajibu, "Ipo."

Jumamosi rekodi ilikuwa imeshaanza kwenda hewani alipoinama kwenye kompyuta, akatazama mwisho wake.

"Mkia uko wapi?"

"Niliukata. Palikuwa na ukimya tu."

"Uliusikiliza?"

Alinyoosha mkono, nikampa rekoda. Akavaa hedifoni sikio moja, lingine akanivisha mimi, akapeleka mbele. Ukimya. Ukimya tena. Mtu alikuwa anapumua. Kisha sauti ya Wakili, ile yake halisi, ndogo: "Ndiyo, iende. Ila pale niliposema kuhusu mguu wangu, toeni. Anayechechemea shule nzima ni mimi peke yangu."

Nilitoa hedifoni sikioni.

"Pale pa mguu ni dakika ya ngapi?" Shangazi aliuliza bila kupandisha sauti.

"Ya tatu kasoro."

Kompyuta ilionyesha dakika moja na sekunde hamsini.

Meneja wa redio, mstaafu wa posta ambaye husikiliza kutoka chumba cha pili, alikuwa ameona nyuso zetu kwenye kioo. Akafungua mlango. "Kuna nini?"

"Kuna sentensi haitakiwi kutoka," Shangazi akajibu.

"Basi zima yote, weka muziki. Unataka mwalimu mkuu anipandie ngazi hizi?"

"Amesema iende," Shangazi akasema. "Nikizima yote nimemnyima. Nikiacha yote nimemuuza."

"Sasa utafanya nini, utaruka sentensi kama dimbwi?"

"Funga mlango, kaka. Tuko hewani."

Akafunga. Shangazi akaweka kidole juu ya kidude cha kusukuma kinachoshusha sauti. Akaniambia, "Wewe umeisikiliza mara ngapi?"

"Kama ishirini."

"Basi unaijua kuliko mwenyewe. Nibonyeze bega inapokaribia, na nibonyeze ikipita."

Nikafumba macho. Dakika mbili na nusu. Wakili anasema wageni hawajawahi kufika. Anasema sinki zina vumbi. Anavuta pumzi, na pumzi ile niliijua. Nikambonyeza.

Sauti ikazima.

Redioni ukimya ni kama moshi jikoni, kila mtu anakimbia kuuliza kunaungua nini. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetufundisha tusiruhusu hata sekunde tatu. Meneja alikuwa anagonga kioo kwa pete yake. Simu ya mezani ikaanza kuwaka taa. Nilihesabu maneno ya Wakili kichwani, moja moja, nikiogopa kukosea hata moja. Sita. Saba. Shangazi hakunitazama. Kwenye kumi na moja nikambonyeza tena, na sauti ikarudi: "...kwa hiyo tunaomba ufunguo tu. Hatuombi kingine."

Mchana tulisikia hatua ngazini, moja nzito, moja nyepesi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Wakili hakuketi. "Sauti ilipozima nilidhani nimekwisha. Mama akasema betri, akaipiga redio kofi."

"Kosa letu," Shangazi akasema, ingawa lilikuwa langu. Akanigeukia.

"Langu," nikasema. "Niliukata mkia."

Wakili aliniangalia muda mrefu kiasi cha kutosha kutangaza habari zote za asubuhi, kisha akaenda zake.

Jumatatu mwalimu mkuu alipita mstari kwa mstari. Alisema sauti ile ni ya msichana mkubwa, wa darasa la mwisho, na anamjua. Alipofika kwetu, Wakili alikuwa amesimamia mguu wake mzima, kidevu juu. Nilijizuia nisimtazame mpaka shingo ikaniuma. Mwalimu akapita.

Ufunguo ulitoka kwenye droo Alhamisi. Hakuna aliyetuambia. Tulikuta tu mlango uko wazi, sabuni bado imo kwenye karatasi yake.

Wiki iliyofuata Wakili alinifuata mwenyewe chumba cha vitabu. Ana jingine la kusema, kuhusu maktaba.

"Nipe rekoda," akasema. Nikampa, nikageuka kwenda mlangoni.

"Unakwenda wapi? Kaa hapa."

"Mwalimu wa zamu je?"

"Mwache aje. Wewe sikiliza mpaka mwisho."