Bata Alipita Nyuma ya Kichwa cha Mume Wangu

Admin, nifiche kabisa, maana mji wetu hauna siri. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, naishi Galbet hapa Garissa, nina duka la nguo za kina mama. Nimeolewa miaka tisa. Mume wangu yuko Uingereza mwaka wa sita sasa, anaendesha basi. Mtoto hatujajaliwa. Naishi na mama yake, ambaye namwita Hooyo, yaani mama.

Miaka yote hiyo mume wangu aliniambia amepanga ghorofani. Nami nikatangaza. Kila arusi niliyoalikwa, akina mama wakiniuliza, niliwaambia anakaa juu, madirisha makubwa, zulia nyumba nzima. Kabla ya Ramadhani akanipigia kwamba karatasi zangu zimekubaliwa, nijiandae kusafiri. Siku chache baadaye tunaongea kwa video, mchana kweupe, nikaona bata anapita dirishani nyuma ya kichwa chake. Hakuwa anaruka. Alikuwa anaogelea taratibu, usawa wa bega la mume wangu.

Nikamuuliza, "Ghorofa gani hiyo iko na bata?"

Akakohoa. "Nilikuwa nataka kukuambia. Wallahi ni nyumba safi."

Ndugu zangu, hiyo nyumba safi ni boti. Boti ya chuma, ndefu na nyembamba, imefungwa kamba kando ya mfereji wa maji. Aliacha vyumba viwili alivyokuwa amepanga huko ghorofani, akagawa makochi, kitanda na kabati, akahamia humo na sufuria mbili. Anasema amepunguza mzigo wa dunia. Akasimama katikati, akanyoosha mikono, akagusa kuta zote mbili, na alikuwa anatabasamu. Choo ni sanduku lenye mpini. Likijaa analibeba mkononi kwenda kulimwaga, na njiani anasalimiana na majirani. Tena kwa kuwa hana sehemu ya kudumu, sheria ya huko inamtaka kila wiki mbili afungue kamba asogee mbele. Kwa hiyo kila wiki mbili anatafuta kibla upya.

Nilimdharau, sitaficha. Babu zetu walihamahama na ngamia kwa sababu mvua haikuwangoja. Wajukuu wao wakajenga nyumba za mawe, wakapumzika. Huyu kapanda ndege, kavuka bahari, kaenda kuwa mhamaji asiye na hata mbuzi. Nilimwambia hivyo hivyo. Akajibu, "Njoo ulale siku tatu tu, utaona utulivu." Utulivu ninao hapa Galbet, na choo changu hakina mpini.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilitaka mama yake amwaibishe, kwa hiyo nikampelekea Hooyo simu yenye picha ya ile boti. Nilijua atapiga yowe. Lakini Hooyo alizaliwa porini upande wa Takaba, akakulia kwenye aqal, kile kibanda chetu cha miti iliyopindwa na mikeka, ambacho wanawake hukijenga, hukivunja na kukipakia kwenye ngamia. Macho yake hayaoni vizuri, akaisogeza simu karibu na uso.

"Inahama?" akaniuliza.

"Kila wiki mbili, Hooyo."

Akaniagiza nimpigie mwanawe, na wajomba wawili wa mume wangu, waliokuja kumsalimia Hooyo, wakae wasikilize.

"Hii nyumba ni ya nani?" akamuuliza.

"Ni yangu, Hooyo."

"Mwanaume hana aqal. Mwanaume ako na fimbo na viatu. Nyumba ya kuhama ni ya mke. Wewe unakaa peke yako kwa nyumba ya mke wako, hata haya huna?"

Wajomba wakaitikia kwamba ndivyo ilivyo. Na mume wangu, ambaye mimi nilimtukana wiki nzima hakutikisika, akainamisha kichwa. "Basi ni yake, Hooyo. Mko mashahidi."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wazee. Wiki ya pili mume wangu akanitumia picha ya hati, jina langu limeandikwa kama mwenye boti. Mwanamke wa Garissa, sijui kuogelea, Mto Tana wenyewe nauangalia nikiwa darajani, sasa namiliki boti.

Mimi nilikuwa nimeshaamua kudai talaka. Lakini mila yetu wenyeji mnaijua: mke na mume wakiachana, aqal hubaki kwa mke, mume huchukua fimbo yake akaondoka. Nilimwuliza mume wangu kwa kejeli, "Nikikuacha je, utalala kwa basi?" Akasema, "Nitatoka. Ni nyumba yako." Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Na Hooyo hatulii. Bibi harusi hushonewa mikeka ya nyumba yake na mama yake, na mama yangu alishafariki, kwa hiyo Hooyo ameichukua kazi hiyo mwenyewe, na macho yake yale yasiyoona vizuri. Alimwambia mwanawe apime upana wa boti kwa dhiraa, mkono wake kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ikawa dhiraa nne na kidogo. Mkeka umekwisha juzi. Ameukunja, ameusimamisha mlangoni, kila nikitoka kwenda dukani naupita.

Bado nakidharau kile kibati, wallahi. Lakini jana nilijikuta namuuliza mume wangu jiko liko upande gani, nikakata simu kwa hasira kabla hajajibu. Tiketi ni ya mwezi ujao. Nikienda, wale niliowatambia ghorofa watanicheka mpaka kaburini. Nikibaki nikadai talaka, namtoa mume wangu nje ya nyumba ambayo alinipa bila kubishana, na mama yake nitamwambia mkeka aufanye nini?

Nishaurini, na msiniambie nisubiri. Miaka sita nimesubiri. Nifanye nini?